Sauti Inayopanda Isiyojua Kushuka: Redio za Pikipiki katika Uwanda wa Ufipa

Mhadhara uliotolewa mjini Sumbawanga mbele ya madereva wa bodaboda, mafundi wa redio, walimu, wanafunzi na wakazi wa mji

Nawashukuru madereva walioegesha pikipiki hapo nje na kuzima redio bila kuombwa. Wangeziacha zikiimba, mhadhara huu ungejieleza wenyewe, nami ningerudi nyumbani mapema.

Nimekuja kuzungumzia kifaa kimoja tu, kidhibiti sauti kinachojiendesha chenyewe. Ni ile sehemu ya redio inayopandisha sauti pikipiki ikikimbia na kuishusha pikipiki ikisimama, bila dereva kugusa kitu. Kwenye pikipiki kubwa za nje kifaa hicho kipo, na wenye nazo wanakilalamikia. Kwenye Boxer na TVS zetu hakipo, na kazi yake inafanywa na kidole gumba cha dereva. Hoja yangu ni kwamba ugonjwa ni mmoja pande zote mbili. Kupandisha sauti ni kazi rahisi, kila mashine inaiweza na kila kidole kinaiweza. Kazi ngumu ni kushusha, na huko ndiko vidhibiti vyote hushindwa. Nitaifuata hoja hiyo kwa nambari ili wanafunzi waweze kuandika, ila msitegemee kila nambari iwe na urefu sawa.

1. Kidhibiti lazima kiwe na kitu cha kukifuata

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko redio za pikipiki. Miaka ya 1920, aliyekuwa na redio alikuwa na shida ambayo wazee humu ndani wanaikumbuka kwa namna yao. Usiku mawimbi ya kati ya stesheni ya mbali huja kwa kupitia anga ya juu, kwa hiyo sauti hujaa, hufifia, kisha hujaa tena. Na ukihamisha mshale kutoka stesheni ya mbali kwenda ya karibu, sauti inakulipukia usoni. Mhandisi Mmarekani Harold Wheeler, aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya Hazeltine, alibuni mwanzoni mwa mwaka 1926 sakiti iliyotumia diodi kupima nguvu ya wimbi linaloingia na kurekebisha ukuzaji wake. Wimbi likizidi nguvu, redio inajibana, likidhoofu, inajiachia. Mwaka 1929 redio ya Philco ya modeli 95 ikaingia madukani ikiwa na kidhibiti cha aina hiyo.

Kidhibiti cha Wheeler kilifanikiwa kwa sababu kilipima kitu kilekile kilichotakiwa kurekebishwa. Wimbi ndilo lililokuwa na kasoro, na wimbi ndilo lililopimwa.

Kwenye pikipiki kubwa za safari, kama Honda Gold Wing na zile Harley-Davidson zenye redio ya kiwandani, kasoro haiko kwenye wimbi. Iko masikioni mwa dereva, ambako upepo na injini vinaufunika wimbo. Kuipima kelele ya pale masikioni ni shida, kwa hiyo wabunifu wakachukua kitu cha karibu chenye kupimika kirahisi, yaani mwendo. Gurudumu likizunguka haraka, sauti juu. Likizunguka polepole, sauti chini. Matatizo yote nitakayoyataja yanaanzia kwenye uamuzi huo wa kupima kitu cha jirani badala ya kitu chenyewe.

2. Mwendo na kelele havilingani, na Ufipa inaonyesha hilo vizuri kuliko kwingi

Kwa pikipiki inayokwenda polepole, kelele kubwa hutoka kwenye injini na ekzosi. Ukifika kama kilomita 65 kwa saa, mara nyingi upepo unaozunguka helmeti ndio unaotawala. Msukumo wa upepo hupanda kwa mraba wa mwendo wake, maana yake mwendo ukizidi mara mbili, msukumo unazidi mara nne. Hapo ndipo kidhibiti kinachofuata mwendo kinapata uhalali wake. Lakini sikilizeni: upepo unaopiga helmeti hautokani na mwendo wa gurudumu peke yake. Unatokana na mwendo wa gurudumu pamoja na upepo wa nchi.

Nchi yetu hii ina upepo. Uwanda uko wazi, majani mafupi, miti michache, na msimu wa kiangazi upepo hutoka kusini mashariki siku baada ya siku. Sasa mchukueni dereva anayetoka Sumbawanga kwenda Laela, yaani anaelekea kusini mashariki, uso kwa uso na upepo huo. Tuseme anakwenda kilomita 60 kwa saa na upepo ni kilomita 30. Helmeti yake inapigwa na hewa ya kilomita 90. Jioni anarudi kwa mwendo uleule wa 60, upepo ukimsukuma mgongoni, na helmeti inapigwa na hewa ya kilomita 30 tu. Tisini ni mara tatu ya thelathini, kwa hiyo msukumo wa kwenda ni mara tisa ya msukumo wa kurudi. Kwa hesabu ya karatasi hiyo ni tofauti ya desibeli 19. Mshale wa spidi umesema 60 asubuhi na 60 jioni. Kidhibiti kinachouamini mshale huo kitakuwa kimekosea safari zote mbili: asubuhi wimbo hausikiki, jioni unapiga kelele.

Mfano wa pili ni wa wanaoteremka bondeni kwenda Muze na Mtowisa. Sumbawanga iko mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa kama mita 800. Kuteremka mita elfu moja kwa barabara ya mawe, mwenye akili hutia gia ndogo na kuiacha injini imzuie. Injini inalia kwa nguvu, mawe yanaruka chini ya tairi, kila boliti inatetemeka, na mshale uko kwenye 20. Kidhibiti kinaona 20, kinadhani uko mbele ya kanisa, kinashusha sauti.

Kuna anayeuliza kama hewa nyepesi ya huku juu inapunguza sauti ya spika. Inapunguza kidogo. Kwa mita 1,800 hewa ni pungufu kwa asilimia kama 16 ukilinganisha na pwani, na spika ileile inapoteza karibu desibeli moja na nusu. Ila upepo nao umepungukiwa na hewa kwa kiasi hichohicho, kwa hiyo ugomvi wa spika na upepo unabaki palepale. Msiilaumu milima ya Mbizi.

3. Kusikiliza badala ya kupima mwendo

Mwerevu mmoja atasema: basi tuweke maikrofoni isikilize kelele yenyewe. Katika magari jambo hilo limefanyika. Mfumo wa Bose uitwao AudioPilot una maikrofoni ndani ya gari, na unafanya kazi kwa kuutoa wimbo unaojulikana kutoka kwenye kile maikrofoni ilichosikia, ili ibaki kelele tu ndiyo ipimwe. Lazima ufanye hivyo. Usipoutoa wimbo, maikrofoni itausikia, itadhani ni kelele, itapandisha sauti, wimbo utakuwa mkubwa zaidi, itapandisha tena.

Wafipa mnalijua jambo hili kwa sura nyingine. Wahunzi wa zamani wa nchi hii walijenga malungu, yale matanuru ya udongo yanayozidi kimo cha mtu, ambayo mabaki yake bado yanaonekana mashambani. Ilungu halikuhitaji mivukuto. Moto ulivuta hewa wenyewe kupitia matundu ya chini. Joto likizidi, hewa inayovutwa inazidi. Hewa ikizidi, joto linazidi. Kwa kuyeyusha mawe ya chuma huo ulikuwa ufundi wa hali ya juu, maana walitaka joto lipande hadi mwisho. Kidhibiti sauti chenye maikrofoni isiyojua kuutambua wimbo wake kinafanya vilevile, nacho kinapanda hadi mwisho, ila mwishoni hakuna chuma.

Na pikipiki si gari. Ndani ya gari lililofungwa vioo maikrofoni imekingwa. Kwenye usukani wa pikipiki upepo unaipiga maikrofoni yenyewe, na inachosikia ni mtikisiko wa hewa kwenye ngozi yake, mara nyingi mkubwa kuliko kile kinachoyafikia masikio yaliyomo ndani ya helmeti.

4. Kushuka

Hapa ndipo kiini cha mhadhara, kwa hiyo nitakaa.

Tuseme tumekipata kidhibiti kizuri kinachojua kelele ni kiasi gani. Bado kinatakiwa kuamua kishuke kwa haraka kiasi gani. Kikishuka haraka, kila tuta la barabarani litasikika ndani ya wimbo. Pita Mpui, pita Kaengesa, pita Laela kwenye lami ya Tunduma: unapunguza kwa tuta, sauti inazama, unavuka, inaibuka, tuta jingine, inazama tena. Wimbo unapumua kama mgonjwa, na hayo ndiyo malalamiko makubwa ya wenye pikipiki kubwa huko nje. Kwa hiyo mbunifu anakichelewesha kidhibiti. Kipande upesi, kishuke taratibu. Dereva anafurahi. Lakini anapoingia kijijini na kusimama, sauti ya barabara kuu inaendelea kwa sekunde kadhaa mbele ya duka, mbele ya zahanati, mbele ya mzee aliyekaa barazani. Kila mara mbunifu anapochagua kati ya dereva na kijiji, humchagua dereva, kwa sababu ndiye anayelipa.

Tuje kwetu. Redio za bodaboda zinazouzwa mjini hapa ni za fleshi, memori kadi na bluetooth, spika mbili zinafungwa kwenye usukani, na rimoti ndogo inaning'inia na funguo. Pikipiki nyingi zetu mshale wa spidi unazungushwa na waya wa chuma kutoka gurudumu la mbele, tena kwa wengi wenu waya huo umekatika na hamna haraka ya kuununua. Hakuna taarifa ya umeme ya mwendo ambayo redio ingeweza kuifuata. Kidhibiti kinabaki kuwa mwanadamu.

Mwanadamu ni kidhibiti cha ajabu katika kupanda. Daktari wa masikio wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akizungumza kwenye kelele hupandisha sauti yake bila kujijua, na kelele ikizimwa hushuka. Nendeni sokoni siku ya gulio mtaona. Kwa sauti yake mwenyewe mwanadamu anapanda na anashuka. Kwa redio anapanda tu. Sababu zipo angalau tatu.

Ya kwanza, kelele inapozidi, wimbo unapotea, na kupotea kwa wimbo kunaudhi. Mkono unakwenda kwenye rimoti wenyewe. Kelele inapopungua, wimbo unasikika vizuri sana, na hakuna mtu anayeudhika kwa wimbo kusikika vizuri. Hakuna maumivu ya kumkumbusha ashushe.

Ya pili ni sikio lenyewe. Mtu akikaa kwenye kelele kubwa kwa muda, usikivu wake hupungua kwa saa kadhaa, kisha hurudi, kama kelele haikuwa ya kupita kiasi. Dereva aliyetoka Laela anaingia Sumbawanga na masikio yaliyofifia. Sauti inayomtoa mwalimu darasani, kwake ni ya kawaida. Mkimwambia "shusha", anaona mnamwonea wivu. Si jeuri yote. Sehemu yake ni masikio. Naona huko nyuma kuna wanaopinga. Nimesema sehemu yake.

Na masikio yakizoea kufifia kila siku, ipo siku hayatarudi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 za kazi, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja. Dereva wa bodaboda anaanza kabla ya jua na kumaliza usiku. Fanyeni hesabu wenyewe.

Ya tatu ni kwamba redio kwenye pikipiki inaita wateja, na hii haimo kwenye vitabu vya wahandisi wa Honda. Kijana aliyeegesha kijiweni hana sababu ya kushusha. Kwake kusimama ndio wakati wa biashara. Kidhibiti cha kiwandani kingemharibia. Siwezi kumlaumu kwa kutafuta abiria. Ila wakishaanza wanne kwenye kijiwe kimoja, kila mmoja na wimbo wake, hakuna abiria anayesikia hata mmoja, na Lombard anaendelea na kazi yake.

5. Wati za kwenye boksi

Nitapita haraka, mafundi wanisamehe. Boksi la redio limeandikwa wati mia kadhaa, na dereva anadhani akinunua boksi kubwa zaidi hatahitaji kupandisha hadi mwisho. Chukueni volti 12 za betri na spika ya omu 4. Ampilifaya ya kawaida, hata ile ya kuunganishwa kwa daraja, haiwezi kuipa spika hiyo zaidi ya volti 12 kileleni, na hesabu inatoa wati 18 kwa spika, basi. Kwa kuzidi hapo lazima ndani yake kuwe na sakiti ya kupandisha volti, na hiyo itadai umeme ambao pikipiki ndogo haina.

Tena, ili sikio lisikie sauti maradufu, huhitaji wati maradufu. Unahitaji mara kumi. Dereva anayebonyeza rimoti kupita uwezo wa ampilifaya hapati sauti zaidi. Anapata mkwaruzo, na koili ya spika inaungua.

Wapo wanaosema redio yao inajipandisha yenyewe wakivuta mafuta. Kwa pikipiki yenye betri nzima, volti hutoka kama 12 hadi 14 na kidogo, tofauti ambayo kwa sauti haifiki hata desibeli mbili. Kama mabadiliko ni makubwa, betri imekufa na redio inakula moja kwa moja kutoka kwenye rektifaya, ndiyo maana inakata kwenye silensa na kufufuka ukipiga resi. Kama unachosikia ni mluzi unaopanda na kushuka na injini, tafuta waya wa hasi uliofungwa vibaya kabla hujanunua redio nyingine.

6. Nyimbo zenyewe

Jambo dogo lenye madhara makubwa. Katika fleshi moja kuna kwaya iliyorekodiwa zamani kwenye kanda, sauti yake ndogo, na baada yake singeli iliyobanwa hadi juu kabisa. Dereva anapandisha ili aisikie kwaya, kwaya inaisha, singeli inamlipukia yeye, abiria na mtaa wa Katandala. Hii ni shida ileile ya Wheeler ya mshale kuhama kutoka stesheni ya mbali kwenda ya karibu.

Dawa yake iko kwenye vibanda vyenu vya kujaza nyimbo. Zipo programu za bure, mojawapo ni MP3Gain, inayozipima faili zote na kuzisawazisha kwenye kiwango kimoja. Kwa kawaida inalenga desibeli 89. Haibadilishi muziki, inabadilisha kiasi tu. Kijana mwenye kibanda anayejaza memori kadi akisawazisha kabla ya kumkabidhi mteja, ameondoa sababu moja ya mkono kwenda kwenye rimoti. Aandike kwenye kibao chake "nyimbo zilizosawazishwa" na atoze kidogo zaidi. Sioni ubaya.

7. Wanaosikia bila kuombwa

Sauti ikisambaa kwenye uwazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili hupungua desibeli 6. Kichwa cha dereva kiko kama sentimita 60 kutoka kwenye spika. Hadi kwenye nyumba iliyo mita 10 kando ya barabara, umbali umeongezeka mara mbili takriban mara nne, kwa hiyo sauti imepungua desibeli 24 hivi. Kama dereva anapata 95, mwenye nyumba anapata kama 71. Mchana kati ya soko na stendi hiyo inamezwa. Usiku kule Kizwite haimezwi.

Na usiku wa Ufipa una tabia yake. Miezi ya Juni na Julai, anga likiwa jeupe, ardhi hupoa haraka na hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu. Katika hali hiyo sauti haipotelei angani. Inapindwa na kurudishwa chini, ikasafiri mbali kuliko mchana. Ndiyo maana wakati wa baridi unaisikia pikipiki kuanzia inapoingia mjini hadi inapotoka. Wazee wanaolalamika kwamba kelele za kipupwe ni mbaya zaidi hawalalamiki bure. Fizikia iko upande wao.

Sheria ipo: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kanuni zake za mwaka 2015 za viwango vya kelele na mitetemo, ambazo zinatofautisha mchana na usiku na maeneo ya makazi na ya biashara. Sitaki kuigeuza jioni hii kuwa ya kutishana. Ninasema tu kwamba mwenye nyumba wa Kizwite hasimamii hisani peke yake.

8. Kidhibiti kinachoweza kutengenezwa hapa hapa

Nimesema kidhibiti kizuri hufuata kitu sahihi, na kwamba shida yetu ni kushuka. Kwa hiyo tusihangaike kuiga Gold Wing kwa kupima mwendo. Tutafute kitu kimoja kinachoieleza redio kwamba sasa pikipiki imesimama. Na kitu hicho kila pikipiki hapo nje inacho: taa ya kijani ya nyutro.

Swichi ya nyutro iko kwenye injini, na gia zikiwa huru inaupeleka waya wake kwenye hasi ili taa iwake. Mafundi, waya huohuo unaweza kuvuta relei ndogo ya volti 12 yenye njia mbili, njia moja kwa kila spika. Relei ikilala, sauti inapita moja kwa moja. Relei ikivutwa, njia inafunguka na sauti inalazimika kupitia rezista ya omu 12 iliyofungwa mfululizo na spika ya omu 4. Spika inabaki na robo ya volti zake, yaani desibeli 12 chini. Rezista itapokea wati tatu na kitu kwenye kilele, kwa hiyo tumieni ya wati 5, au 10 mkitaka ikae baridi. Waya wa spika usiguse hasi ya pikipiki hata mmoja. Ampilifaya hizi za daraja zinakufa kwa kosa hilo.

Kina kasoro. Waya wa relei ukikatika, sauti inabaki juu, na mimi ningependa kifaa kiharibikie upande wa utulivu; fundi atakayeligeuza hilo kwa transista moja amenizidi. Tena dereva anayesimama na gia huku ameshika klachi hatakivuta. Lakini anayefika kijiweni, zahanati au mlangoni kwa abiria hutia nyutro, na sauti inashuka bila yeye kukumbuka. Abiria akipanda, gia ya kwanza inaingia, wimbo unarudi. Muziki wa njiani unabaki. Kinachoondoka ni muziki wa kusimama tu, na kwa bei ya relei, rezista mbili na waya.

Madereva wataniuliza kuhusu kuita wateja. Jibu langu ni kwamba kijiwe kikikubaliana wote wafunge, hakuna anayempunja mwenzake. Mmoja akifunga peke yake, ameumia. Kwa hiyo hili ni jambo la viongozi wa vijiwe kabla halijawa la mafundi, na naomba viongozi waliopo walichukue kwenye mkutano wao ujao.

Mbele yetu kuna pikipiki za umeme. Zinaingia nchini taratibu, na hazina injini ya kulia. Kwenye mwendo wa mjini dereva wake hana kelele ya kushindana nayo; sababu yote ya kupandisha imeondoka. Nina hakika mazoea hayatakuwa yameondoka. Vijana watakaozifungia redio ndio hawa waliokaa safu ya mbele na madaftari, kwa hiyo nawapa kazi. Juni ijayo, nendeni kwenye kijiwe kimoja cha Mazwi na kimoja cha Chanji, mchana na usiku, na simu zenye programu ya kupima sauti. Simu hazipimi sawasawa, lakini simu ileile ikipima mahali palepale mara mbili, tofauti yake ina maana. Pimeni mita 1 kutoka kwenye spika, kisha mita 10, kisha kwenye ukuta wa nyumba ya kwanza. Andikeni saa, baridi, upepo unakotoka na kama nyutro imewaka. Nileteeni majedwali hayo kabla ya mvua za kwanza.

Mchoro wa relei nimetoa nakala; ziko kwa Mwenyekiti. Fundi atakayetaka kufunga ya kwanza usiku huu, kuna pikipiki hapo nje na mwenye nayo amekubali. Sasa nipo tayari kwa maswali, tuanze na yule bwana wa nyuma aliyekuwa anapinga.